Mrejesho: mlioniambia nikapime, nimepima

Mwezi wa tatu niliuliza kama magoti kuuma na kuamka kukojoa mara nne usiku ni uzee au unene. Mkasema niache ubishi, nikapime. Jamani! Sukari 11.8 kabla sijatia kitu mdomoni, presha 158 kwa 96. Kilo 94 kwa urefu wa mita 1.58, daktari akapiga hesabu: uwiano wa uzito na urefu (BMI) karibu 38, wakati unene uliopitiliza unaanzia 30. Akaniambia mafuta ya tumboni ndiyo hasa yanayoifanya insulini ishindwe kazi yake ya kushusha sukari.

Mimi nabangua korosho hapa Mikindani. Zinazovunjika zote zilikuwa zangu, natafuna huku napiga soga, wala sihesabu. Kumbe gramu 100 ni karibu kalori 550. Siku hizi naweka kumi kwenye kisosi asubuhi, bakuli la vipande nimemwachia wifi yangu. Samaki wa nazi sijaacha (msinitanie), nimepunguza tui tu.

Miezi mitano sasa, kilo 88. Sukari 7.1, na vidonge bado nameza. Magoti yanalalamika kwenye ngazi. Mume wangu anadai sikoromi tena, ila yeye ndiye hulala wa kwanza.