Wazungu wa kijijini kwetu wanataka niwe diwani bila uchaguzi, nikubali? Naombeni ushauri

BintiWaPangani
Habarini wakuu. Asalaam aleikum, na wa upande wa pili Tumsifu Yesu Kristo. Mie ni msomaji wa kimyakimya humu miaka mingi leo yamenifika nimefungua ID. Naishi Uingereza, kijiji kimoja Lincolnshire, mashamba ya kabichi na viazi mpaka macho yanachoka, basi mara 4 kwa siku na Jumapili hakuna kabisa. Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee.

Sasa hapa kijijini kuna kaunsili yao ndogo wanaiita parishi kaunsili. Viti 9 ila waliopo ni 6, mmoja kafariki, mmoja kahamia Hispania kwa binti yake, na kiti kingine tangu uchaguzi wa Mei 2023 hakikupata mtu wa kukikalia. Mie nilienda kikaoni kulalamika taa ya kituo cha basi, imekufa siku nyingi na saa 11 na dakika 40 alfajiri nasimama pale giza totoro malori ya viazi yananipita puani. Wakanipa dakika 3 za mwananchi nikasema ya moyoni kwa Kiingereza changu hikihiki. Kikao kimeisha mwenyekiti, bibi wa miaka sabini na ushee, kanifuata mpaka mlangoni, eti watu kama wewe ndio tunaowatafuta, chukua fomu, mwezi ujao tunajaza nafasi. Hakuna kampeni hakuna foleni ya kura, wale 6 wananyoosha mikono umeshakuwa diwani.

Kikao ni Jumatano ijayo na mie silali. Nikubali? Siku hiyo nitajieleza dakika 2, niseme nini? Na nivae nini jamani, baibui au suruali ya kazini?

kobe_mwendokasi
Ngoja waje wenye Uingereza yao. Nimekaa paleee.

TeacherKibaha
Hongera dada ila sijaelewa, parishi si ndio parokia? Kwetu halmashauri ya walei huingii hivihivi, lazima utoke jumuiya ndogondogo na paroko akujue. Wewe umefungua uzi na asalaam aleikum, parokiani unaingiaje? Au umebadili dini kwa ajili ya taa?

BintiWaPangani
Hahaha ticha sio kanisa, ni serikali ya kijiji. Hata mie mwanzo nilidhani hivyo nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango ili wakianza kusali nitoke.

Mgosi_Leicester
Ticha hajakosea sana, zamani mambo ya kijiji yalikuwa yanaamuliwa kwenye kikao cha kanisa, sheria ya 1894 ndio ikayatoa ikaunda hizi kaunsili. Leo England ziko kama 10,000. Kazi zao makaburi, mabembea ya watoto, mabenchi, vibanda vya basi, vishamba vya mboga vya kukodisha, na kutoa maoni jirani akitaka kuongeza ghorofa. Mimi nimekaa kwenye moja miaka 6 na niliingia kwa mlango huohuo wa kunyooshewa mikono.

Dada'angu, mlango huo ni halali kabisa. Kiti kikiwa wazi karani anabandika tangazo, wakitokea wapiga kura 10 wa hapo wakaandika barua ndani ya siku 14 (wikiendi na sikukuu hazihesabiwi) uchaguzi unaitishwa. Wasipoandika, na huwa hawaandiki maana gharama mara nyingi inarudi kwenye kodi yao, waliobaki wanachagua wenyewe, hadharani, na unatakiwa upate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Mkiwa watatu mnagombea kiti kimoja hakuna aliyefika nusu, wa mwisho anatolewa wanarudia. Mimi nilipita kura 4 kwa 3, aliyenishinda kwa suti alikuwa mfugaji wa farasi.

Dakika 2 hizo ongelea taa, usiongelee Tanzania. Ila kabla ya baibui nina swali dogo. Una ILR, yaani ukaazi wa kudumu, au uko kwa viza?

Shangazi_wa_Reading
Mwanangu kataa. Nakwambia kwa uchungu. Mimi 2020 nilikwenda nyumbani kugombea viti maalum, udiwani, nikauza gari yangu ya hapa, nikanunua vitenge doti 60, wajumbe wakaja kwangu wakala pilau wakaniita mama diwani mpaka nikaanza kuitikia. Siku ya kura za maoni nikapata kura 3. Tatu! Na mimi mwenyewe nilijipigia, dada yangu kapiga, kwa hiyo kwa doti 60 nilipata mjumbe mmoja na mpaka leo simjui nimshukuru. Mzungu akikuchekea mlangoni usidhani ni tofauti, mjumbe ni mjumbe.

Baharia254
Huku Kenya hiyo ni nominated MCA, diwani wa kuteuliwa, chama inapeleka list, jina lako linaingia usiku asubuhi limetoka, unaenda kortini. Hawa wenu at least wananyoosha mkono ukiwaona. Mshahara ni ngapi?

Mgosi_Leicester
Baharia, sifuri. Hata zile kaunsili zenye kiposho wanapewa waliopita kwa kura ya wananchi, wa kunyooshewa mikono nauli tu. Mimi niliambulia biskuti.
Bintiwapangani hujanijibu.

BintiWaPangani
Shangazi pole nimecheka nikalia. Mgosi asante kwa somo. Mie sifa ninazo, nina zaidi ya miezi 12 hapa, nipo kwenye daftari la wapiga kura, Mei 2025 nimempigia kura hadi meya wa Greater Lincolnshire. Sisi wa Jumuiya ya Madola tunaruhusiwa. Hilo la mavazi bado sijasaidiwa.

Mgosi_Leicester
Unazunguka mbuyu. Kupiga kura, mtu wa Madola mwenye viza yoyote halali anapiga. KUKAA KITINI ni sheria nyingine. Mtu wa Madola lazima awe hahitaji ruhusa ya kuishi hapa, au awe na ukaazi wa kudumu, ILR. Viza ya muda haikufikishi, hata uwe umekaa miaka 4 na kijiji kizima kinakupenda. Sasa nauliza mara ya tatu.

MzeeTumbo
Mgosi anahoji kama uhamiaji pale Namanga.

BintiWaPangani
Haya. Niko kwa viza ya kea, ya kulea wazee. Nilikuja 2023 na mume na watoto wawili, kabla hawajafunga kuleta familia. ILR bado.

Na kabla hamjanirukia, fomu nimeshaipeleka. Ijumaa. Kuna kiboksi kimeandikwa mie ni raia wa Uingereza, au Ireland, au wa Madola, nikatiki, Tanzania si iko Madola? Mbele yake kulikuwa na kineno "anayestahili" nikaona ndio maneno yao ya kupamba. Sijadanganya mtu. Mwenyekiti anajua nafanya kazi nyumba ya wazee na anajua sisi wa nyumba ya wazee tumekuja kwa njia gani, hakuuliza. Karani kapokea fomu kasema lovely. Sasa nikienda kusema mie sifai si nitaonekana nilitaka kuwaibia kitu? Na ile taa nani ataisemea? Nilikuwa nawaza nikae kimya tu, ILR yenyewe itakuja tu.

TeacherKibaha
Dada njia ya mwongo ni fupi.

BintiWaPangani
Ticha mie nimesema nimetiki kiboksi sijasema nimedanganya.

kobe_mwendokasi
Wakuu samahani nimekaa pale muda mrefu sasa nasimama. HII NI CHAI. Tena ya rangi, imeungua.
ID imefunguliwa juzi. Wazungu wote hao wa shambani wakose mtu wamfuate kea kutoka Pangani mlangoni? Kaongea dakika 3 za taa kapewa udiwani? Halafu angalieni Mgosi, kila akiulizwa kitu ana jibu limekaa tayari na vifungu. Hawa ni mtu mmoja ID mbili, anajihoji na kujijibu.
Na hili mtanijibu. Makea ninaowajua mimi wanapelekwa kazini na gari ya kampuni. Huyu kila siku kituoni saa 11 na dakika 40, basi mara 4 kwa siku, la kwanza lipite alfajiri hiyo? Leteni vitafunwa.

MzeeTumbo
Mimi naleta mihogo.

Baharia254
Lakini Kobe na wewe hujui hizo vijiji. Binamu yangu yuko Norfolk, tangazo la nafasi ya kaunsili limekaa kwa notisibodi mpaka likapauka na jua. Watu hawataki, ni kazi ya bure na matusi ya majirani. Si mnakumbuka ile video ya kikao cha Zoom cha parishi kaunsili ya Handforth huko England, Desemba 2020, wazee wanapigiana kelele mpaka mama Jackie Weaver aliyekuwa anasimamia kikao akamtoa mwenyekiti. Nani mwenye akili atataka hiyo?

Mgosi_Leicester
Kobe mimi niko humu tangu simu za tochi, ID yangu ina umri kukuzidi. Kama ni chai basi ni mimi niliyetiwa maji ya moto. Ila dada, swali la basi ni zuri. Lijibu.

BintiWaPangani
Nimesoma nimetetemeka mikono. Mie niongope ili nipate nini, mihogo ya Mzee Tumbo?
Basi la alfajiri lipo, la viwandani, linachukua watu wa kufungasha mboga. Mie nalipanda Jumatatu na Jumanne tu, siku nyingine nafanya usiku mume wangu ananipeleka na gari.
Na kwa nini wanifuate mie, haya niseme yote niishe. Mume wangu ndiye anayekata majani ya makaburini. Kaunsili hiyohiyo ndio inamlipa, tangu mwaka jana. Ndio maana bibi ananijua, hakunitoa hewani. Sikusema kwa sababu nilijua mtasema ni undugunaizesheni.

Shangazi_wa_Reading
Eeeh! Mume kwenye malipo, mke kwenye kiti! Mwanangu na nyie mmeleta Tanzania Lincolnshire.

TeacherKibaha
Na bado wanasema diaspora wamestaarabika.

kobe_mwendokasi
Kwa hili la mume narudisha nusu ya maneno yangu. Mtu anayetunga hajiharibii hivi. Nusu nyingine nabaki nayo.

Mgosi_Leicester
Punguzeni jazba. Angekuwa YEYE anaajiriwa na kaunsili asingeweza kuwa diwani, hapo hakuna mjadala. Mume siyo kikwazo. Ila akiingia kitini ana siku 28 kuandikisha maslahi yake na ya mumewe, ajira, nyumba wanayopanga, vinawekwa hadharani, na siku wanajadili mkataba wa majani anatulia haongei wala hapigi kura. Kuficha hilo kwa makusudi ni jinai, sheria ya 2011.

Lakini dada hilo ni dogo, wewe mlango wa kwanza umefungwa. Hutakiwi kupewa kiti. Wakikupa kwa kutojua, maamuzi ya kikao yanabaki halali, wewe ndiye unabaki pabaya, mpiga kura yeyote wa hapo anaweza kukupeleka mahakamani kwa kukalia kiti usichostahili. Siku unaomba ILR, unakaa mbele ya fomu inayouliza mwenendo wako. Utatiki kiboksi gani?

BintiWaPangani
Mume wangu naye anasema niachane nayo, ila yeye anaogopea mashine yake ya majani.
Lakini kwani huyo mpiga kura nani atajua? Wamebaki 6 jamani. Na kuna mmoja amesema akitoka yeye wanakaribia kushindwa kufanya kikao.

Mgosi_Leicester
Kaunsili ya viti 9 inahitaji 3 tu wakae kikao. Wana 6. Hawafi bila wewe. Nani atajua? Yule atakayeshindwa kura Jumatano. Mfugaji wangu wa farasi alikaa miaka miwili anachimba makosa yangu, alipata moja, nilichelewa kurudisha ufunguo wa ukumbi.
Mwandikie karani leo, mistari mitatu. Nilitiki nikidhani Madola inatosha, nimeelewa haitoshi, naomba niondoe jina. Usijitetee, usielezee viza. Na zile dakika 3 za mwananchi hazihitaji ILR, kila kikao unaingia unasema taa.

Shangazi_wa_Reading
Na uvae baibui. Wakuzoee hivyohivyo mapema.

BintiWaPangani
Nimeandika saa 8 usiku nikiwa zamu, bibi mmoja wa chumba namba 4 hakulala nikamsomea anirekebishie Kiingereza. Alikuwa diwani zamani, sikujua! Kanifuta sentensi mbili kasema hapo unaomba msamaha kupita kiasi. Imeenda.

Karani kajibu asubuhi. Asante kwa kutuambia mapema, jina limeondolewa, karibu Jumatano kwenye viti vya wananchi. Bila kufoka wala kununa. Kumbe taa wala sio yao, ni ya kaunti, wao wanaandika barua tu. Miezi yote hii nagombana na watu wasio na balbu.

kobe_mwendokasi
Bibi wa chumba namba 4. Haya. Nusu yangu niliyobaki nayo inaongezeka.

MzeeTumbo
Mihogo imebaki, nani anakula?

kijana_wa_Mbagala
Habari wakuu nimechelewa sijasoma zote. Dada hiyo nyumba ya wazee wanachukua watu kutoka Bongo? Nina cheti cha huduma ya kwanza, nicheki PM.

Mgosi_Leicester
Dogo, kuajiri makea kutoka nje kulifungwa Julai 2025.

kijana_wa_Mbagala
Dah. Basi hizo nafasi tatu za udiwani, wanatoa na viza?