Wameleta katoni tatu za maji kwenye tamasha la mtaa, moja WAMERUDI NAYO!!!

Mwana Uswazi (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku jenereta bado linanguruma na hasira imenikaba mpaka kooni. Nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kupeleka barua kwenye ofisi ile ya utamaduni pale halmashauri anamjua. Yule wa shati la kitenge. Yule ambaye kila barua kwake "imepokelewa na inafanyiwa kazi", na kazi yenyewe haijawahi kuonekana tangu tupate uhuru. Leo kaja kwenye tamasha letu na msafara wa magari utadhani anazindua bwawa la umeme. Mkononi kaja na nini? Katoni tatu za maji. TATU! Zile chupa ndogo ambazo mtoto wa chekechea akipiga mafunda mawili imekwisha.

Katoni mbili zikafunguliwa palepale meza kuu, wakanywa wao wenyewe. Ya tatu dereva akaiweka begani akairudisha kwenye gari. Akafungua mlango wa nyuma, akaiweka, akaipigapiga kidogo ikae vizuri, akafunga. Mtaa mzima tunaangalia.

Hatukuomba uwanja wa mpira sisi. Barua yetu ilianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ikagongwa muhuri, ikapanda kwa mtendaji wa kata ikagongwa tena, ikapanda mpaka kitengo cha utamaduni na michezo. Tuliomba jukwaa, maspika, gari la wagonjwa likae pembeni kwa tahadhari, na doti za kanga kwa washindi wa kukuna nazi. Wakasema sawa, tutawashika mkono, ila mtundike bango letu. Tukaamini. Wakina mama wa genge wakatoa mchele, kijiwe cha bodaboda kikatoa mafuta ya jenereta, kikundi cha kufa na kuzikana kikatuazima turubai na viti. Watoto wamefanya mazoezi ya ngoma ya mdundiko mpaka majirani wakaanza kuuota usiku.

Sasa hilo bango. Bango refu kuliko barabara tuliyoifunga! "TAMASHA HILI LIMEWEZESHWA NA..." halafu jina la halmashauri kwa herufi za kuonekana na ndege. Saa tisa upepo ukavuma, karatasi waliyobandika juu ikang'oka, chini pakasomeka WIKI YA MAJI. Wamechukua bango la Wiki ya Maji wakalibandika karatasi wakatuletea sisi. Wiki ya Maji, na maji yenyewe wameondoka nayo!

Na muda ni uleule ambao bibi yetu, bingwa wa kukuna nazi, kashuka kwenye mbuzi, mikono bado ina chicha, kasimama mbele ya meza kuu anasubiri doti yake. Mshereheshaji kashatangaza "zawadi kutoka kwa wafadhili wetu wakuu". Yule bwana akampa mkono, wakapigwa picha, akamwambia "hongera mama, endelea kudumisha mila". Basi! Hakuna doti, hakuna hata leso. Na nyuma ya bibi, dereva anapita na katoni begani.

Halafu akashika kipaza sauti akasema serikali imetimiza wajibu wake kwa tamasha hili na anasubiri TAARIFA YA MATUMIZI. Ya nini? Tuandike maji mmeyanywa nyie?

Nchi hii ina Sera ya Utamaduni tangu 1997. Afisa yupo, ofisi ipo, mshahara unaingia kila mwezi. Doti moja ya kanga inashindikana? Nimemaliza. Sijamaliza. Katoni imerudi kwenye gari wakuu!!

Siti ya Mbele

Nimewahi namba mbili. Leteni karanga.

Mla Kiporo

Mleta uzi una roho mbaya. Dereva naye ana familia, hiyo katoni ni ya watoto wake.

Binti wa Keko

Kwenye bango nimecheka mpaka mume wangu kaamka. Na mimi huyo bwana namjua jamani. Alikuja kwenye mahafali ya kikundi chetu cha ushonaji akatuahidi vyerehani. Tulipigiwa simu twende kuchukua, tukakodi kirikuu kabisa. Tulipofika tukapewa uzi. Uzi wa kushonea, bunda moja.

Mstaafu wa Masjala

Kijana, punguza povu usikilize mtu aliyekaa ofisi hizo.

Halmashauri haitoi fedha kwa sababu barua yako ina mihuri mingi. Inatoa kwa sababu kuna KIFUNGU kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Vipaumbele vinaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, vinakwenda kamati ya maendeleo ya kata, vinakwenda menejimenti, vinapitishwa na baraza la madiwani, ndipo vinapanda juu. Tamasha lenu kama halikuibuliwa huko chini, mkurugenzi hata akiwapenda namna gani hana pa kuchota. Akichota, mkaguzi atamuuliza.

Na msije mkasema kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ile ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na inarudishwa. Huwezi kukopa ukachezee mdundiko.

Swali moja tu: mkutano wa mtaa wa kuibua vipaumbele ulikwenda?

Mwana Uswazi

Mzee wangu shikamoo. Nilikwenda. Tulikwenda wengi tu, tukasema tamasha, mwenyekiti akaandika kwenye daftari tukiona. Huko juu likarudi limekuwa "ukarabati wa ofisi ya kata".

Na kama kifungu hakuna, mtu si aseme hakuna? Tungepitisha bakuli tena mtaani, tumezoea. Kwa nini useme tutawashika mkono, utundike bango, upigwe picha na bibi wa watu? Na nikuulize na wewe mzee: katoni ile imetoka kifungu gani, na imerudi kifungu gani?

Mla Kiporo

Kifungu cha kiu.

Siti ya Mbele

Mstaafu kaulizwa swali, kimya. Nimesogeza kiti.

Mstaafu wa Masjala

Sijakimbia, nilikuwa naswali isha. Maji yale yatakuwa yametoka kwenye fedha za mapokezi ya viongozi, hayakuwa yenu tangu mwanzo. Mlichopewa nyie ni ujio.

Binti wa Keko

UJIO! Bibi akajitande ujio!

Mwana wa Mvita

Jameni watani, msidhani ni nyie peke yenu. Huku Kenya Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeandika peupe kwamba shughuli za utamaduni na burudani ya umma ni kazi ya kaunti. Imeandikwa! Sasa uliza kikundi chetu cha mtaa kilipata nini mwaka jana. Fulana. Fulana zenye uso wa mheshimiwa wa wadi mbele na nyuma, saizi zote ndogo, wazee wa ngoma ya gungu walikuwa wanazivaa kitovu nje. Afadhali nyie mmeletewa maji, hata kama yamerudi.

Mwana Uswazi

Ndugu yangu wa Mvita, fulana mlibaki nazo. Hilo nalionea wivu kabisa. Sisi chetu kimeondoka kwa gari la serikali, kikiwa kimefungiwa mlango.

Mbeba Boksi London

Shida ni mfumo, wala msilie na mtu mmoja. Huku tuna Notting Hill Carnival, sherehe ya mtaani kabisa, waliianzisha watu wa Karibiani kwenye mitaa yao, sasa inavuta watu kama milioni 2 kwa siku mbili. Mwaka 2025 waandaaji walisema bila fedha ya kusimamia usalama wa watu haitafanyika. Ofisi ya Meya na halmashauri mbili, Kensington and Chelsea na Westminster, wakatoa karibu pauni milioni moja. Hesabu mkazisoma magazetini, nani katoa, za kazi gani. Nyie mnagombana na dereva.

Mla Kiporo

Diaspora kaamka. Sasa hiyo pauni milioni moja ungemtumia mleta uzi hata doti moja, si ungekuwa umesaidia?

Chumvi ya Bahari

Na huko London kwenyewe walilia kwanza ndiyo wakapewa, mbona hilo unalipita haraka? Sikilizeni. Sauti za Busara ya Unguja, tamasha lililoanza 2004, watu wanapanda ndege kutoka kila pembe kuja Ngome Kongwe, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Hoteli zinajaa Februari, teksi zinajaa, wauza urojo wanapata, serikali inapata kodi yake, na bado mwaka ule ukapita kimya mpaka 2017 likarudi. Ikiwa kubwa lile lilikwama, mtaa wenye turubai la kuazima ungepona kwa nini?

Mwana Uswazi

Ndiyo ninachosema! Tamasha la mtaa halihitaji mabilioni. Jukwaa la mbao, maspika, doti. Leo mtaa wetu umeuza pilau mpaka sufuria zikakwanguliwa, bajaji hazijalala, vijana waliokuwa wanakaa kijiweni wamepanda jukwaani wakapiga singeli watu wakashangaa. Na halmashauri imepata chake, maana kijana wa ushuru alikuwa anapita na mashine yake kwa kila mama lishe wakati hotuba inaendelea. Mkono mmoja unakusanya, mkono mwingine unarudisha katoni kwenye gari!

Mama Vitumbua

Hapo kwa ushuru umenigusa mwanangu. Hayo ya ngoma mnajua wenyewe. Mimi kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 nilikilipia tangu vilipoanza kutolewa, Desemba 2018, tukaambiwa hutasumbuliwa tena. Nimesumbuliwa nacho kikiwa shingoni. Jana kaja kijana hajaota hata ndevu, ananiambia mama toa mia tano ya usafi. Usafi upi? Taka zina wiki mbili pale kwenye kona, mbwa wamehamia.

Kijana wa Mtaroni

Mama shikamoo, nyie wa taka mna nafuu. Sisi tumeomba karavati mpaka aliyeandika barua ya kwanza kastaafu. Mvua ikinyesha watoto wanabebwa mgongoni kwenda shule. Watu wanalilia kanga!

Binti wa Keko

Karavati na kanga vinagombana wapi? Mtu akidai chake na wewe dai chako.

Kijana wa Mtaroni

Hela ni ileile dada. Ikienda kwenye mdundiko haiji kwenye mtaro.

Mwana Uswazi

Haikwenda kwenye mdundiko! Haikwenda popote! Imerudi kwenye GARI! Mnasoma uzi au mnapita tu?

Mla Kiporo

Tunapita tu.

Mhazini wa Kufa na Kuzikana

Samahani mleta uzi kwa kukuingilia. Nimesoma mpaka mwisho, poleni sana kwa kilichotokea. Ila lile turubai mliloazima lina watu kesho saa nne, kuna msiba wa nyumba ya tatu kutoka kwa fundi redio. Na limerudi lina tundu.

Mwana Uswazi

Tundu lilikuwepo mhazini.

Mhazini wa Kufa na Kuzikana

Lilikuwepo moja. Sasa yako mawili. Hilo la pili limechomwa, lina kingo nyeusi, inaonekana kuna mtu aliweka jiko la nyama chini yake.

Mama Vitumbua

Hilo tundu la kwanza mimi nalijua, ni la msiba wa mwezi wa tatu. Na tulichangishwa elfu mbili mbili kila kaya kuliziba. Hela ilikwenda wapi mhazini?

Siti ya Mbele

Eeeh! Nimesogeza kiti tena.

Mhazini wa Kufa na Kuzikana

Mama Vitumbua hilo tulilijibu kwenye kikao, wewe hukuja.

Mama Vitumbua

Sikuja kwa sababu kikao mlikiweka Ijumaa saa saba. Weka hesabu hapa.

Kijana wa Mtaroni

Weka hesabu, mhazini. Na mimi nilitoa elfu mbili, na siku ile mvua ilinyesha tukalowa wote, mpaka marehemu.

Mstaafu wa Masjala

Mhazini, una kitabu cha stakabadhi au uliandika kwenye daftari?

Mhazini wa Kufa na Kuzikana

Daftari lipo. Lipo kwa katibu.

Mama Vitumbua

Katibu kahamia Chanika tangu Januari!!