FL Studio, Ableton Live au Reaper kwa anayetaka kujifunza utayarishaji wa muziki wa juu?

Mfidla wa Kikwajuni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Midundo naimudu kwa programu ya kutengeneza muziki ya FL Studio, toleo la majaribio, na sasa nataka kujifunza kazi ya juu, yaani kuchanganya sauti na kuunda sauti zangu mwenyewe kwa sinthesaiza (ala inayounda sauti kwa umeme au kwa kompyuta). Mwisho wa mwezi nanunua leseni halali. Nibaki na FL, nihamie Ableton Live, au nichukue Reaper?

Mwana wa Wete
Waalaykum salaam. Hujasema kompyuta yako ni ya aina gani, bajeti yako ni kiasi gani, wala unarekodi nini, na bila ya hayo kila mtu atakusifia anachotumia yeye. Mimi natumia Reaper: unaijaribu siku 60, leseni ndogo ni dola 60, na haielemei kompyuta kongwe.

Binti Malindi
Reaper haina ala za kutosha kwa anayetaka kuunda sauti. FL ukiilipia mara moja, matoleo mapya unayapata bila ya kulipa tena, ila usichukue lile la chini la Fruity, kwani halirekodi maikrofoni.

Mfidla wa Kikwajuni
Kompyuta ni ya Windows. Narekodi udi, fidla na dumbak, kisha naongeza sinthesaiza.

Mpiga Kanuni
Basi tazama kwanza suala la kutuni, yaani kupanga noti za ala zikae mahali pake. Studio moja iliturekodia wimbo wa maqamu (ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu) ya rast, ambayo noti yake ya tatu, ukianzia do, hukaa kati ya mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni) na mi, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Fundi aliipitisha sauti ya mwimbaji wetu kwenye kirekebisha sauti alichokiwekea skeli ya meja (ngazi ya kawaida ya do-re-mi), na kila alipoigusa noti ile, programu iliivuta juu mpaka ikawa mi kamili, ilhali fidla zilibaki pale zilipopigwa. Mama wa watu aliyeimba sawasawa akasikika kama anagombana na fidla, na juu ya hayo akaambiwa kuwa yeye ndiye aliyetoka nje ya sauti! Tulipodai rekodi asilia tulijibiwa kuwa imeshafutwa, na fedha hatukurejeshewa. Ableton Live 12 ya mwaka 2024 inakubali mifumo ya kutuni isiyo ya noti 12 zilizoachana kwa umbali sawa kama za kinanda, na kwa hilo pekee ningeichagua.

Mwana wa Wete
Pole sana, sheikh, lakini kosa hilo ni la fundi. Mifumo hiyo ya Live inazihusu ala za MIDI, yaani zile zinazopigwa kwa amri za noti ndani ya kompyuta. Udi uliorekodiwa kwa maikrofoni hubaki ulivyopigwa katika programu yoyote.

Mpiga Kanuni
Naam, lakini mwenzetu amesema ataongeza sinthesaiza. Ikiwa haikutuniwa kwa rast, itagongana na udi wake vilevile.

Binti Malindi
Taarab ya kisasa imejaa vinanda na watu wanaipenda. Hata hivyo, kabla ya kununua chochote ningepita Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi hapa Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002, nikajifunze maqamu kwa mwalimu, kwa sababu hakuna programu itakayomfundisha mtu kusikia.

Mwana wa Wete
Hapo nakuunga mkono, dada. Ndugu wa Kikwajuni, bajeti bado hujaitaja, na kadi yako ya sauti, yaani kifaa cha kuingizia maikrofoni kwenye kompyuta, ni ipi? Bila ya dereva nzuri ya ASIO (programu ndogo inayopitisha sauti haraka kati ya kadi na Windows), fidla itakufikia masikioni kwa kuchelewa, hata ukinunua programu ya ghali kuliko zote.

Mfidla wa Kikwajuni
Kadi sina, nilidhani tundu la maikrofoni la kompyuta linatosha. Bajeti ni dola 200 kwa programu na kadi. Je, nianze na kadi?