Kulwa watatu si marudio! Chama chetu kimefuta wakulima walio hai kwenye Excel

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, atakayeudhika anisamehe.

Bi mkubwa wangu analima tumbaku Urambo tangu mimi sijazaliwa. Ijumaa kaenda chama cha msingi cha ushirika kuchukua mbolea, kaambiwa hayumo kwenye orodha. Hadaiwi, na msimu uliopita kauza vizuri tu. Hayumo. Karani kamgeuzia kompyuta aone mwenyewe, utadhani mama wa watu anasoma Excel.

Mimi nina steshenari hapa Tabora mjini, kutwa nachapa orodha za watu. Nikaomba mafaili, la zamani na jipya, yakaja kwa WhatsApp. Nikakaa nayo usiku.

Iko hivi. Waliagizwa wasafishe orodha kwa kuwa kuna wajanja wanaojiandikisha mara mbili wabebe mbolea mara mbili. Sawa, hao wapo na tunawajua. Basi dogo aliyepewa kazi katia tiki kolamu moja tu, ya jina, kabonyeza Remove Duplicates, kaenda kunywa chai. Ukifanya hivyo Excel inabakiza mstari wa kwanza inaokutana nao, iliyobaki yenye jina hilo inaifyeka. Haikuonyeshi imemfuta nani, inakutajia idadi tu.

Sasa bi mkubwa anaitwa Kulwa. Jina la baba yake silitaji, ila ni lile ambalo ukiliita sokoni wanageuka watu kumi. Na huku kwetu nani asiyejua? Penye mapacha pana Kulwa na Doto, wa kike kwa wa kiume, na anayewafuata ni Shija. Ukianza kufuta Kulwa "aliyejirudia" Unyamwezini utamaliza kijiji! Kwenye faili la zamani walikuwa watatu: mstari wa 31, wa 118 na wa 204. Vitongoji tofauti, simu tofauti, kilo tofauti. Kabaki wa 31. Mama yangu ni 118.

Nikampigia karani: kwa nini hamkutumia namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Tulijaribu kaka, nazo zinafanana."

Hapo ndipo nilipotaka kuvunja simu. Nikafungua kolamu ya NIDA, kwa bi mkubwa imeandikwa 1.95607E+19, ndivyo Excel inavyofupisha namba ndefu. Kwa Kulwa wa 31, vilevile. Nikaipanua: tarakimu tano za mwisho zote sifuri. Wakuu, namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel kwenye namba inashika 15 tu, kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni za eneo. Kinachomtofautisha mtu na jirani yake kiko huko mwishoni, ndiko kulikokatwa! Na hawa mama wawili wote wameandikishwa tarehe 1 Julai 1956, maana tarehe zao halisi hakuna aliyeziandika. Lazima zifanane. Pacha na pacha mwenzake ndiyo usiseme.

Na zikishageuka sifuri hazirudi, hata ukibadilisha kolamu kuwa maandishi. Unaiweka kuwa maandishi kabla hujachapa, au unaandika na vistari kama ilivyo kwenye kitambulisho. Hata hapo, ukihesabu marudio kwa fomula ya COUNTIF kwenye namba isiyo na vistari, inaisoma kama namba na kukudanganya vilevile. Weka &"*" baada ya seli unayoitafuta, kama =COUNTIF(C:C,C2&"*"), ndipo italinganisha herufi kwa herufi.

Kinachoniuma zaidi, wajanja wenyewe wamepona! Kuna mtu kaandikwa Hamisi mstari mmoja na Khamis mwingine, simu ni ileile, moja imeanza na 255, nyingine sifuri ya mwanzo imeliwa. Excel inaona watu wawili. Mwingine jina lake halina tofauti hata ya herufi, ila mbele yake kuna nafasi moja tupu ambayo jicho haliioni. Fomula ya TRIM ingeiondoa kwa sekunde mbili. Simu ungechukua tarakimu tisa za mwisho kwa RIGHT, ukalinganisha, ukapaka rangi wanaogongana, halafu ukaenda kuwauliza watu. Kupaka rangi, jamani, siyo kufuta! Na unabakiza nakala ya faili kabla hujagusa kitu. Hili la zamani limepatikana kwa bahati tu, lilikuwa kwenye simu ya mjumbe mmoja wa bodi.

Nimewatumia yote haya, na mistari nimeipaka njano. Jibu: mfumo umeshafungwa, bi mkubwa alete barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba yeye si yule Kulwa mwingine. Mama wa miaka hiyo, mvua zimeshaanza kunyesha, anatafuta mhuri wa kuthibitisha kwamba yeye si mtu mwingine!

Barua nimeichapa mwenyewe jana. Ila Kulwa wa 31 kasikia, kasema haiendi barua peke yake. Jumatatu asubuhi wanapanda bodaboda wote watatu, wakasimame mbele ya meza ya karani ahesabu.