Tupeane uzoefu: Cusco wakati wa Inti Raymi, na siku iliyokulemea zaidi

Mtu wa Tanga: Wanajamvi, salaam. Leo nimefungua sanduku nikakutana na skafu ya sufu ya alpaka niliyoinunua Cusco, Peru, nikakumbuka tarehe 24 Juni niliposimama tangu alfajiri kwenye mteremko wa Sacsayhuamán, magofu ya dola ya kale ya Inka juu ya mji, nikiingojea Inti Raymi, sikukuu ya jua. Juni ni kipupwe kule kama kwetu, ila maji huganda usiku, nami nilikuwa na koti la mvua tu. Msafara huanzia Qorikancha, lililokuwa hekalu la jua la Inka, ukapita uwanja mkuu wa mji, ndipo ukapanda huko juu, na jambo lililonitoa machozi ni baragumu zao, kwani ni makombe ya baharini, yanayopulizwa juu ya milima na watu ambao wengine hawajaiona bahari. Aliyefika atueleze yaliyomkuta.

Mama Ushanga: Baridi hiyo naijua, mwanangu. Nililala na viatu.

Mpagazi Mstaafu: Mimi nimepandisha wageni Kilimanjaro kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo mgeni wangu wa zamani aliponialika Peru na kunionya kuhusu mwinuko, nilicheka. Cusco ipo mita zipatazo 3,400, na kambi ya Horombo huko Kilimanjaro, ambako nimelala mara zisizo na hesabu, ni 3,720. Nilichosahau ni kwamba Horombo tunafika siku ya pili, kwa miguu, pole pole, ilhali kutoka Lima iliyo ufukweni ndege ilinifikisha Cusco kwa saa moja na ushei, tena nikiwa nimekaa bondeni tangu nistaafu. Jioni ile ile nikajitwika begi la mwenyeji wangu tukapanda ngazi za mtaa wa San Blas, ili aone mpagazi ni nani. Hatukufika mbali. Kichwa kilianza kugonga kana kwamba mtu anatwanga kinu ndani yake, macho yakaingia giza, nikakaa chini. Maneno yote niliyozoea kuwaambia wageni, kwamba wanywe maji, waende taratibu na wasione aibu kusema wanapoumwa, yalinijia moja baada ya jingine, nami nikaona aibu kusema. Bibi mmoja wa Kiquechua, wenyeji wa milima ile, umri wa mama yangu, aliyebeba mzigo wa nyasi mgongoni ndani ya kitambaa cha rangi, alinipita, akasita, akarudi. Alitoa majani makavu ya koka, akachagua matatu yasiyochanika, akayapanga kama mtu ashikaye karata, akayapulizia taratibu akiwa ameuelekea mlima, kisha akanipa mengine nitafune. Baadaye niliambiwa yale matatu huitwa k'intu, nayo ni heshima kwa Apu, yaani milima yenyewe, na kwa Pachamama, mama ardhi. Yangu niliyatapika kwenye ngazi. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche, na ulinilaza saa kumi na nne.

Kijana wa Ilala: Kumbe mzee wetu alikula mirungi ya Peru.

Mmeru Halisi: Mirungi ni huko kwenu, kwetu Kenya ni miraa na ni zao halali. Hata hivyo koka si jamaa yake. Jani lake huuzwa wazi soko la San Pedro, na chai yake hutolewa hotelini kama tutoavyo maji ya kunywa, lakini nchi nyingi huliweka fungu moja na dawa za kulevya. Nilisahau vifuko vitatu vya chai hiyo kwenye mkoba, nikakalishwa katika uwanja mmoja wa ndege hadi ndege yangu ikaondoka bila mimi.

Mtu wa Tanga: Jamani, niliuliza habari za sherehe, naona tumefungua zahanati na mahakama.

Mwalimu wa Jiografia: Sherehe yenyewe si ni maigizo? Wahispania waliipiga marufuku, ikarejeshwa mwaka 1944 kama tamthilia, na viti vya mbele vinauzwa. Anayetaka desturi isiyochezewa watalii aende Q'eswachaka, Juni hiyo hiyo, ambako jamii nne hukutana kufuma upya daraja la nyasi la mita 28 hivi juu ya mto Apurímac. Wanawake husokota kamba nyembamba kwa viganja, kamba hizo hupindwa kuwa nene kama paja, na daraja la zamani hukatwa likaanguka mtoni. Nilivuka likiwa jipya, likinukia nyasi, na katikati nikafanya kosa la kutazama chini. Nilimalizia kwa kutambaa.

Mtu wa Tanga: Maigizo hayo yote ni kwa Kiquechua, Mwalimu, na mama aliyekaa kando yangu alikuwa akiyatamka maneno ya Inka, yaani mfalme, kabla ya mwigizaji.

Mhehe Mpole: Mimi nililemewa na sahani: simbilisi mzima, amechomwa, meno nje. Kwetu Iringa tunawafuga, lakini sikuzoea mnyama anitazame. Mwenyeji akanipeleka kanisa kuu la Cusco, kwenye Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata, na mezani yupo huyo huyo! Kesho yake nikala. Mifupa mingi.

Mama Ushanga: Ukitua, teremka ulale kwanza Ollantaytambo, mita 2,800 hivi. Hata Machu Picchu ipo chini ya Cusco kwa karibu mita elfu moja.

Mmeru Halisi: Hakuna haja. Baki Cusco, usile usiku.

Kijana wa Ilala: Kula sana ndiyo dawa.

Mpagazi Mstaafu: Fanyeni mnavyotaka, ila begi la mtu msibebe.