Ulinganisho: mifuko 400 ya kanvasi yenye nembo, tuagize Kisumu, Nakuru au Nairobi?

Mjumbe_Kisumu (mwanzilishi wa mada)

Hamjambo wanajamvi. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Kisumu kinajiandaa kwa mkutano mkuu wa mwaka, na kamati imeniachia kazi ya kutafuta mtu wa kututengenezea mifuko 400 ya kanvasi yenye nembo ya chama, mfuko mmoja kwa kila atakayehudhuria. Nimepokea bei tatu. Kampuni moja ya Nairobi inataka shilingi 300 kwa mfuko, karakana moja ya Nakuru inataka shilingi 345, na kikundi cha mafundi wa cherehani wa Kibuye, hapa hapa Kisumu, kinataka shilingi 380. Kwa hesabu ya haraka Nairobi imeshinda, lakini wajumbe wawili wa kamati wanashikilia kwamba fedha za wanachama zizunguke hapa hapa. Waliowahi kuagiza mifuko ya aina hii kwa wingi, ninyi mngechukua ipi?

Mchapaji_Nakuru

Ndugu Mjumbe, umetuwekea bei tatu za bidhaa ambayo bado hatuijui. Kanvasi hiyo ina uzito gani? Nembo ina rangi ngapi, na inachapwa upande mmoja au pande zote mbili? Mfuko una ukubwa gani, na mkutano ni lini?

Siulizi ili kukusumbua. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba na kile cha gramu 340, ambacho wauzaji wengine hukiita cha aunsi 10, vyote huitwa kanvasi dukani, ingawa cha kwanza ukikiinua kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Rangi nazo zina hesabu yake. Katika uchapishaji wa skrini kila rangi inahitaji skrini yake, yaani fremu ya wavu ambayo wino hupitishwa, na gharama ya kuitengeneza ni ile ile, uchape mifuko 20 au 2,000. Inawezekana kabisa kwamba aliyekupa bei ya shilingi 300 alidhani ni rangi moja, na wa Kibuye alihesabu rangi tatu.

Natangaza mapema kwamba mimi mwenyewe ni mchapaji, ingawa si mimi niliyekupa bei hiyo ya Nakuru, asije mtu akasema kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Mkaguzi_wa_Vitabu

Naongeza swali ambalo watu hulisahau mpaka ankara ifike: bei hizo zina VAT au hazina? Ikiwa ya Nairobi haina, basi ongeza asilimia 16 na shilingi 300 inakuwa 348. Kwa mifuko 400 hiyo ni shilingi 139,200, na bado hujalipia usafiri. Ya Nakuru, ikiwa VAT imo ndani, ni 138,000. Ushindi wa Nairobi umekwisha hapo.

Jambo la pili ni risiti. Tangu tarehe 1 Januari 2024, KRA haikubali gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wake wa ankara za kielektroniki, katika hesabu za kodi ya mapato. Mafundi wa Kibuye wana ankara hiyo, au watakupa karatasi iliyopigwa muhuri?

Mjumbe_Kisumu

Asanteni kwa maswali. Mfuko ni wa sentimita 38 kwa 42, na mkutano uko wiki sita kutoka sasa. Nimepiga simu leo asubuhi: bei ya Nairobi kweli haina VAT, ya Nakuru inayo, na kikundi cha Kibuye hakijasajiliwa kwa VAT kwa sababu mauzo yake hayafikii shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kuhusu eTIMS, mwenyekiti wao amesema atanijibu. Kuhusu uzito wa kitambaa, wa Nairobi walinijibu kwamba ni kizito, basi.

Fundi_Kondele

"Kizito" si jibu, mheshimiwa. Omba kipande, ukikate sentimita 10 kwa 10, ukipime kwenye mizani ndogo ya sonara, kisha uzidishe kwa 100. Kipande cha gramu 3.4 ni kanvasi ya gramu 340. Kikija na gramu 1.8, umeletewa amerikani nzito kidogo tu.

Sasa nikueleze kwa nini bei ya Kibuye iko juu, maana naona watu wanataka kuiweka kando kabla ya kuielewa. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatoa viwiliwili vitatu vya mfuko wa ukubwa wako kwa urefu wa sentimita 92 hivi, pamoja na pindo. Ukanda unaobaki pembeni unatoa mishikio mitatu, nawe unahitaji sita, kwa hiyo unaongeza sentimita kumi na kitu. Yaani mita moja na ushei kwa mifuko mitatu, au takribani mita 140 kwa kazi yote, bila kuhesabu vipande vitakavyoharibika. Kiwanda hununua robota nzima kwa bei ya jumla, ilhali fundi wa Kibuye hununua mita hizo 140 dukani kama wewe na mimi. Tofauti yote ya bei imetoka dukani, na ujira wa fundi huenda ni mdogo kuliko wa karakana. Chama kikinunua kitambaa chenyewe kwa bei ya jumla na kuwapa mafundi kazi ya kukata na kushona tu, nina hakika bei itashuka, na uzito wa kitambaa utakuwa umeuchagua mwenyewe.

Tena angalia mishikio. Ncha yake iingie ndani ya pindo, ishonwe kisanduku chenye msalaba katikati. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi, mwanachama atabeba pakiti tatu za unga na mshikio utabaki mkononi.

MamaShughuli_Kakamega

Ruhusuni niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma hadi leo.

Mwaka juzi niliandaa sherehe ya kikundi cha akina mama wakulima na tukahitaji mifuko 250. Tulimpata mtu, mji sitautaja wala yeye mwenyewe, aliyetuletea sampuli safi sana: kanvasi imara, nembo ya kijani na manjano iliyokaa sawasawa, mishikio ya kutosha kupita begani. Tukalipa asilimia 70 mbele. Tulichokuwa hatujui ni kwamba hakuwa na cherehani hata moja. Aliigawa kazi kwa mafundi watatu wasiojuana, na kila mmoja akakata kwa kipimo chake. Magunia yalifika kwa basi usiku wa kuamkia sherehe. Tulipoyafungua tukakuta mifuko ya saizi tatu, nembo nyingine iko kifuani na nyingine imeshuka karibu na tumbo, na kijani ni cha aina mbili kwa sababu wino ulichanganywa kwa macho, ukaisha, ukachanganywa tena.

Hayo tungeyavumilia. Lililotutia aibu ni kwamba mifuko ilikunjwa na kupangwa kabla ya wino kukauka. Nembo ya mfuko mmoja ilikuwa imejichapa mgongoni mwa mfuko wa juu yake, kinyumenyume, kwa hiyo akina mama walipewa mifuko yenye jina la kikundi mbele na kivuli cha jina hilo nyuma. Ile iliyoshikana sana ilipobanduliwa ilitoa sauti na nusu ya nembo. Muuzaji tulipompigia simu alisingizia mvua, kisha akasema kwamba tulipokea magunia na kutia sahihi, kwa hiyo mzigo ulikuwa sawa. Asilimia 30 iliyobaki hatukumlipa, naye hakuidai, jambo linaloonyesha faida yake ilikuwa imeshaingia zamani.

Kwa hiyo, Mjumbe, mimi bei siiangalii kwanza. Namwomba mtu anionyeshe mahali anapofanyia kazi, cherehani zikiwa zinazunguka. Na sitii sahihi gunia ambalo halijafunguliwa.

Mchapaji_Nakuru

Pole sana, Mama. Mvua haina kosa hapo. Wino wa plastisoli haukauki kwa jua wala kwa kuanikwa kwenye kamba. Unahitaji joto la kama nyuzi 160 lipenye hadi chini ya tabaka la wino, ndipo unashika. Asiye na mashine ya joto ataugusa, auone umetulia, aufungashe. Jaribio ni rahisi: chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua nembo kwa nguvu, kisha uivute kwa mikono miwili. Ikiacha rangi au ikipasuka kama udongo mkavu, rudisha.

Biashara_Eldoret

Mimi naona mnajitesa. Kwa mkutano wa siku moja, nunueni ile mifuko myepesi isiyofumwa ambayo imejaa kila soko. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya hizo mlizotaja, na inachapika vizuri.

Mkaguzi_wa_Vitabu

Ndugu wa Eldoret, mifuko hiyo ni polipropilini, yaani plastiki kwa asili yake, hata ikishikika kama kitambaa. Iliingia kwa wingi baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, na mwaka 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira, ikatangaza kuipiga marufuku nayo kwa sababu ya ubora hafifu, shauri likafika mahakamani. Chama cha akiba hakipaswi kuweka nembo yake juu ya kitu chenye historia hiyo. Tena kinachanika kabla ya mwanachama kufika stendi.

Mwalimu_Mstaafu_Vihiga

Nawasoma na kusikitika kidogo. Kisumu ilikuwa na KICOMI, kiwanda kilichosokota na kufuma pamba ya watu wetu, mpaka kilipofungwa katika miaka ya 1990. Leo tunajadili kama tununue Nairobi au Nakuru, na hakuna aliyeuliza kitambaa chenyewe kimefumwa wapi. Eldoret iko Rivatex, kiwanda cha nguo ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007 na kikazinduliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mitambo mipya. Kwa nini kamati isiwaandikie barua ya kuuliza kama wanaweza kuwauzia kanvasi? Mkisema fedha zibaki nyumbani, zianze kwenye pamba.

Fundi_Kondele

Mwalimu, shikamoo. Wazo lako nalipenda na linaingiliana na lile langu la kununua kitambaa wenyewe. Shaka yangu ni wiki sita. Kiwanda kikubwa hakitasimamisha mitambo kwa ajili ya mita 140, kwa hiyo itategemea kama wana kanvasi iliyo tayari ghalani. Barua iende, lakini mkutano usingojee barua.

Mwalimu_Mstaafu_Vihiga

Marahaba. Basi wapige simu, na barua ifuate.

Binti_wa_Dunga

Kwa nini lazima kanvasi? Hapa Dunga kuna vikundi vinavyosuka vikapu vya gugu maji. Mgeni akipewa kikapu hicho hakitupi, na ziwa nalo linapata nafuu.

Mkaguzi_wa_Vitabu

Ni vizuri, dada, lakini vikapu 400 vilivyosukwa kwa mkono kwa wiki sita, vyote saizi moja, na nembo itachapwa wapi? Labda vya wageni wa meza kuu.

Mjumbe_Kisumu

Nimefaidika sana. Nimefanya yafuatayo. Kibuye nilikwenda mwenyewe jana na kukuta cherehani zinafanya kazi, lakini uchapishaji wanaupeleka kwa mtu mwingine mjini, nami sijamwona. Nakuru wamekubali kutuma sampuli mbili kwa basi na kipande cha kitambaa cha kupima. Nairobi wamesema sampuli yenye nembo yetu inalipiwa, na fedha hiyo hairudi hata tukiwapa kazi. Kamati imependa hoja ya kununua kitambaa wenyewe, ila mweka hazina anauliza ni nani atakayebeba hasara ya kitambaa kikikatwa vibaya.

Fundi_Kondele

Mwandikiane. Mafundi wapewe kitambaa cha mifuko 400 na ziada ya mita tano, na kinachopita hapo kikatwe kwenye ujira wao. Kazi ianze na mifuko kumi, muikague, ndipo mtoe robota lote.

MamaShughuli_Kakamega

Na huyo mchapaji wa mjini mwende mkamwone kabla ya kukata hata mita moja. Mimi nilichomwa na mtu wa katikati, na hapo Kibuye naona yuko mmoja.

Mchapaji_Nakuru

Mjumbe, tangu jibu langu la kwanza nangoja kujua nembo ina rangi ngapi.

Mjumbe_Kisumu

Niwie radhi. Nembo ya zamani ina rangi mbili. Mwenyekiti ana mapendekezo ya nembo mpya yenye rangi nne na kivuli kinachofifia kutoka buluu kwenda nyeupe, na bodi itaamua Ijumaa.

Mchapaji_Nakuru

Hapo basi bei zote tatu ulizoweka juu zimekufa. Kivuli kinachofifia kwenye kanvasi yenye uzi mnene hakitoki vizuri kwa skrini, labda msanii stadi akigeuze kiwe vitone vidogo vidogo. Watakushauri uhamishe picha kutoka kwenye filamu kwa pasi ya joto. Inatoa rangi zote, lakini ukiigusa unasikia ngozi ya plastiki juu ya kitambaa, na mfuko ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja hupasuka mstari. Ningekuwa ndani ya bodi ningeiacha nembo ya rangi mbili kwenye mifuko, hiyo mpya ikae kwenye barua.

Mkaguzi_wa_Vitabu

Mwenyekiti akishapenda kivuli, ndugu yangu, hakuna bodi itakayokifuta.

MamaShughuli_Kakamega

Mchapaji, swali la pembeni kabla mada haijafungwa: unapokea oda ya mifuko 60 ya rangi moja? Nina harusi Mumias mwezi ujao.

Mchapaji_Nakuru

Napokea, Mama, ila skrini ni ile ile, kwa hiyo kila mfuko utabeba sehemu kubwa zaidi ya gharama. Nitumie ukubwa na maandishi, na tafadhali, kabla hujauliza bei, niambie uzito wa kitambaa.