Yule muuzaji wa "begi la kijeshi" pale Kariakoo amenidhalilisha mbele ya wateja

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na bandeji kwenye kiwiko, ingawa hasira niliyo nayo haitokani na kiwiko. Yule bwana wa Kariakoo mnamjua nyote, yule mwenye kipaza sauti kinachosikika hadi Zanzibar, anayezigonga kava za simu kwa nyundo ili tushangae, sihitaji kumtaja. Leo asubuhi nimempelekea begi lake lililochanika. Amelishika kwa vidole viwili, akawageukia wateja, akasema: "Kaka, begi hili halikutengenezwa kwa ajili ya watu wanaoanguka."

Watu wanaoanguka!

Juzi bodaboda niliyopanda iliikwepa bajaji karibu na Ubungo, tukaanguka, nami nikaburuzwa juu ya lami pamoja na begi. Kitambaa ambacho aliapa kwamba hata risasi ingekiomba radhi kilitoboka kabla suruali yangu ya mtumba haijapata tundu. Zipu iliachia meno yote, chupa ya chai ikabonyea, pawabenki ikapinda, na miwani ikabaki nusu. Simu iliyokuwa ndani ya kava lake la "kiwango cha jeshi la Marekani" ilipasuka kioo kutoka pembe hadi pembe, ilhali kava lenyewe halikupata hata mkwaruzo, kana kwamba kazi yake ilikuwa kujilinda lenyewe. Nilipomweleza hayo yote kwa adabu, nilijibiwa kuhusu watu wanaoanguka. Sasa ile nyundo huwa anatupigia ya nini?

Kiroboto wa Mabibo: Pole sana, mkuu. Hata hivyo, muuzaji amekutendea haki: ulinunua begi la vitani, kisha ukalipandisha bodaboda, mahali ambapo jeshi lenyewe lingefikiri mara mbili.

Fundi Simu: Kiwango hicho kinaitwa MIL-STD-810. Katika jaribio lake maarufu la kuangusha, kifaa huangushwa mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122, tena juu ya plaiwudi iliyolazwa kwenye zege, wala si juu ya kokoto za Ubungo. Kutoka kimo hicho kifaa hufika chini kikiwa na mwendo wa takribani kilomita 18 kwa saa. Simu ikigonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa, ni sawa na kudondoka kutoka mita 10 hivi. Isitoshe, maandishi ya kiwango hicho yanayobandikwa kwenye kava hayatolewi na mamlaka yoyote ya ukaguzi, kwani mtengenezaji huchagua majaribio mwenyewe na kujipa maksi mwenyewe.

Mwenye uzi: Nashukuru kwa hesabu, mkuu, lakini hesabu hazikusimama pale kaunta zikaambiwa "watu wanaoanguka". Mama mmoja aliyekuwa akichagua tochi alicheka hadi akaomba kiti!

Nesi wa Zamu: Shukuru kwamba kilichobonyea ni chupa. Kitu kigumu kilichokaa ndani ya begi usawa wa uti wa mgongo, iwe kufuli au koleo, ni hatari kwako kuliko begi kuchanika, na funguo za mfukoni huweza kuchimba paja mtu anapoangukia ubavu. Hiyo pawabenki iliyopinda usiichaji tena wala usiiweke chumbani, kwa sababu betri iliyojeruhiwa ndani inaweza kuwaka moto.

Binti Tabora: Mnalilia mabegi ilhali kofia ngumu ya abiria mmeisahau. Niliyopewa jana ilikuwa na ufa, haikuwa na kifungo cha kidevuni, na ilinuka mafuta ya nywele ya kila mtu aishiye kati ya Mbezi na Posta. Lile povu gumu la ndani hubonyea ili kunyonya pigo, wala halirudi lilivyokuwa, kwa hiyo kofia iliyokwisha kupata ajali ni ya kutupwa, si ya kumvika abiria mwingine.

Bodaboda Mstaafu: Dada yangu, nimebeba abiria miaka mingi, na waliokuwa wakiikataa kofia ni ninyi wenye misuko. Mwingine aliipakata mapajani kuanzia Kimara hadi Magomeni, ndipo akaivaa alipomwona trafiki.

Binti Tabora: Nunueni zinazoingia kichwani, tutazivaa.

Mwenye uzi: Wakuu, naomba turudi kwa yule bwana na kauli yake ya watu wanaoanguka.

Kiroboto wa Mabibo: Tulishakupa pole, mkuu. Mstaafu, hiyo kofia yako ya abiria bado unayo? Kama haijawahi kuanguka, nitajie bei.

Bodaboda Mstaafu: Ninazo mbili. Moja haina kioo cha mbele, ila kifungo chake kinabana vizuri.

Binti Tabora: Muulize kwanza kioo kilikwenda wapi.